Kilichouzwa ni cha Nani?

Katika lugha yetu ya Kiswahili yako maneno manne ambayo mwalimu yeyote huwatofautishia wanafunzi wake bila taabu: kuuza, kukodisha, kuazima na kuweka amana. Aliyeuza amepokea thamani ya kitu chake na mkono wake umekwisha kuondoka juu ya kitu hicho. Aliyekodisha ameachilia matumizi kwa muda na kwa ujira, lakini mali ingali yake. Aliyemwazima jirani jembe lake anatarajia kurudishiwa, wala hadai ujira. Naye aliyeweka amana amempa mwenziwe ulinzi tu, bila ya ruhusa ya kutumia. Maneno haya ni mipaka ya haki baina ya watu, na mtu akiyachanganya kwa makusudi ili ajipatie faida, basi amedhulumu hata kama hakuiba.

Makusudio ya makala haya ni kuichunguza biashara moja ya zama zetu ambayo imeyachanganya maneno hayo. Ni biashara ya michezo ya kompyuta ambayo mnunuzi, baada ya kwisha kulipa bei yote, hawezi kuicheza mpaka apitie katika jukwaa la mtandaoni la muuzaji na kupewa ruhusa. Yumkini msomaji atasema kwamba haya ni mambo ya watoto, hayastahili nafasi katika jarida la walimu. Lakini desturi inayoanza katika michezo haikawii kuingia katika vitabu, na watoto hao ndio tunaowafundisha kila siku. Isitoshe, swali lenyewe ni zito: je, mtu anaweza kusemwa kuwa amenunua kitu ambacho muuzaji angali ameushika ufunguo wake?

Tuanze na mchezo tunaoujua. Hapa Rwanda upo mchezo wa igisoro, ndugu wa bao la Waswahili wa pwani: mashimo 32 katika safu nne, na kete 64. Mtu akinunua ubao wa igisoro kwa fundi mchongaji, shauri lao limekwisha pale pale. Fundi hana habari tena kama ubao unachezwa barazani Biryogo au umepelekwa kijijini, kama unachezwa mchana au usiku. Mnunuzi anaweza kumwazima jirani, kumpa shemeji yake zawadi, kuuza akipatwa na shida, au kuwarithisha wanawe. Fundi akihama, akiacha kazi hiyo, au hata akifa, mashimo ya ubao hayatajiziba.

Hapo mwanzo michezo ya kompyuta nayo ilikuwa na tabia hiyo hiyo. Iliuzwa katika diski, na mwenye diski alikuwa na mchezo. Mabadiliko makubwa yalikuja mwanzoni mwa karne hii. Mwaka 2003 kampuni ya Valve ya Marekani ilianzisha jukwaa liitwalo Steam, na mwaka 2004 ilipoutoa mchezo wa Half-Life 2, hata yule aliyenunua diski yake dukani hakuweza kuucheza mpaka aiunganishe kompyuta yake na intaneti, afungue akaunti, na mchezo wake uthibitishwe. Kampuni nyingine zilifuata mkondo huo kwa majukwaa yao wenyewe. Masharti ya Steam yanasema kwamba michezo hutolewa kwa leseni tu, haiuzwi, na kwamba akaunti haiwezi kuuzwa wala kuhamishiwa mtu mwingine. Ni haki kuongeza kwamba jukwaa hilo lina njia ya kucheza bila mtandao kwa michezo mingi iliyokwisha kuthibitishwa. Hata hivyo, yako makampuni yaliyokwenda mbali zaidi, yakaitengeneza michezo ambayo haichezeki hata dakika moja bila ya kuwasiliana na seva za kampuni, ijapokuwa mchezaji yu peke yake.

Tuchukulie basi kijana wa Nyamirambo aliyejiwekea akiba kidogo kidogo hata akapata bei ya mchezo wa namna hiyo. Nchi yake haina bahari. Intaneti anayoitumia husafiri kwa nyaya za nchi kavu kupitia nchi jirani mpaka pwani, kisha hushuka chini ya bahari kwenda ng'ambo. Tarehe 12 Mei 2024 nyaya mbili za baharini, EASSy na SEACOM, zilipata hitilafu, na intaneti ikazorota katika nchi nyingi za Afrika Mashariki, Rwanda ikiwamo. Katika siku kama hiyo kitabu kilichoko rafuni kinasomeka, na igisoro inachezwa kama kawaida. Mchezo unaongojea ruhusa kutoka ng'ambo ndio unaogoma. Wala si lazima waya ukatike. Kifurushi cha intaneti kikimwishia kabla ya mwisho wa mwezi, kijana huyo amefungiwa mlango wa kitu alichokwisha kukilipia.

Wala tusidhani kwamba dhiki hii ni ya nchi zenye mtandao dhaifu peke yake. Machi 2013 kampuni ya Electronic Arts iliutoa mchezo wa SimCity, ambao ulidai mtandao wakati wote. Seva zikalemewa, na kwa siku kadhaa wanunuzi wengi katika nchi tajiri wakashindwa kuingia katika mchezo waliokwisha kuulipia. Mwaka uliofuata kampuni ikaongeza njia ya kuucheza bila mtandao. Hapo ikadhihirika kwamba kile kilichodaiwa kuwa ni lazima ya ufundi kilikuwa ni hiari ya muuzaji.

Mfano mzito zaidi ni ule wa The Crew, mchezo wa mashindano ya magari uliotolewa na kampuni ya Ubisoft ya Ufaransa mwezi Desemba 2014. Tarehe 31 Machi 2024 kampuni ilizizima seva zake, na tangu siku hiyo mchezo ukawa hauchezeki kabisa, hata na yule aliyekuwa na diski mkononi. Diski ilikuwa nzima, kompyuta ilikuwa nzima, na bei ilikuwa imelipwa yote. Kilichokosekana kilikuwa ruhusa ya muuzaji. Tukio hilo liliwachochea wachezaji kuanzisha kampeni ya kudai kwamba michezo iliyouzwa isiuawe, na kufikia Julai 2025 ombi lao katika Umoja wa Ulaya lilikuwa limekwisha kupata saini zaidi ya milioni moja.

Insafu inatutaka tumsikilize muuzaji pia. Yeye hutoa hoja tatu. Kwanza, husema kwamba mchezo wa kompyuta hunakiliwa kwa urahisi mno. Ubao wa igisoro hauzai mwingine, lakini diski moja yaweza kuzaa elfu, na watunzi wakakosa ujira wao. Pili, husema kwamba seva zina gharama, wala hakuna awezaye kuahidi kuzilipia milele. Tatu, husema kwamba jukwaa lina manufaa: kijana wa Kigali anaupata mchezo siku ile ile anaoupata kijana wa London, pasipo kungoja mzigo wala duka, na kompyuta yake ikiharibika ataupakua tena.

Hoja hizi si za kubezwa. Wizi wa kazi za watunzi ni dhuluma, nasi walimu tunaoviona vitabu vikitolewa nakala ovyo tunalijua jambo hilo. Ila hoja ya kwanza inamwadhibu mwaminifu kwa kosa la mwizi, maana nakala ya wizi huwa imekwisha kuvunjwa kufuli lake, na anayeendelea kuomba ruhusa ni yule aliyelipa. Tena kampuni ya GOG ya Poland imekuwa ikiuza michezo isiyo na kufuli tangu mwaka 2008, na biashara yake haijafa. Hoja ya pili ni ya kweli kwa michezo ya watu wengi wachezao pamoja, lakini haielezi kwa nini mchezo wa mtu mmoja ufungwe katika seva hizo tangu siku ya kuundwa. Hoja ya tatu inataja manufaa ya jukwaa la hiari. Swali letu linahusu jukwaa la lazima.

Hapa mtu mwenye fikra pevu ataniuliza: je, si kweli kwamba hata ardhi tunayojengea nyumba zetu si milki yetu kamili? Ni kweli, na jambo hili latufaa sana. Katika Rwanda, kati ya 2009 na 2013, vipande vya ardhi zaidi ya milioni 10 viliandikishwa, na wananchi walio wengi walipewa hati za ukodishaji wa muda mrefu kutoka kwa Serikali. Mwenye hati husema “shamba langu,” naye hadanganyi wala hadanganywi. Hati imetaja kwamba ni ukodishaji. Muda umeandikwa. Haki hiyo inaweza kuuzwa, kuwekwa rehani na kurithiwa, na akinyang'anywa pasipo haki liko baraza la kumsikiliza. Kwa hiyo umiliki wenye mipaka si dhuluma kwa nafsi yake. Dhuluma huingia pale mipaka inapofichwa chini ya jina la mauzo, mwisho wake ukaachwa kwa matakwa ya upande mmoja.

Ndiyo maana jimbo la California huko Marekani lilitunga mwaka 2024 sheria iliyoanza kutumika tarehe 1 Januari 2025, inayomkataza muuzaji wa bidhaa za kidijitali kutumia neno “nunua” bila ya kumbainishia mteja kwamba anachopata ni leseni. Sheria hiyo haikuwataka wauzaji waache biashara yao; iliwataka tu waseme kweli. Kwetu sisi watu wa lugha hilo ni funzo: watunga sheria wamekiri kwamba neno moja, likitumiwa visivyo, laweza kumdhulumu mtu mali yake.

Lakini kusema kweli pekee hakutoshi, na hapa ndipo ninapoliona jambo lenyewe hasa. Watu wengi hudhani kwamba anayetetea umiliki anatetea uchoyo. La hasha. Mtu hawezi kutoa asicho nacho. Asiyemiliki hawezi kuazima, hawezi kuzawadia, hawezi kuwakfu, hawezi kurithisha. Wahenga walisema nguo ya kuazima haisitiri maungo. Nasi twaweza kuongeza kwamba nguo ya kuazima haiwezi hata kumsitiri mwingine. Jamii ambayo kila mtu ndani yake amepewa ruhusa tu ya kutumia, ruhusa isiyohamishika, ni jamii ambayo ukarimu umefungiwa njia. Kaka hawezi kumwachia mdogo wake mchezo alioumaliza. Baba akifariki, michezo na vitabu vya akaunti yake huzikwa pamoja naye.

Walimu wa Kiswahili wanakijua kitabu cha Shamba la Wanyama, tafsiri ya Fortunatus Kawegere iliyotoka mwaka 1967. Nakala zake zimepita katika mikono ya wanafunzi wangapi, wa kaka na wa dada, bila ya mtu kumwomba mchapishaji ruhusa? Basi Julai 2009 kampuni ya Amazon, baada ya mzozo wa haki za uchapishaji, ilikifuta kitabu hicho hicho cha George Orwell, kwa Kiingereza chake, pamoja na kile cha 1984, kutoka katika vifaa vya wasomaji waliokwisha kuvinunua. Fedha zao walirudishiwa, na kampuni ikaomba radhi. Lakini wasomaji walikuwa wamekwisha kuona kwamba rafu ya vitabu vyao ilikuwa na mlango wa nyuma, na kwamba mwenye ufunguo wa mlango huo alikuwa mtu mwingine.

Tufanye nini basi? Nadhani mambo matatu yanatosha kudaiwa. Kinachokodishwa kiitwe cha kukodi, na muda wake utajwe kabla ya fedha kutolewa. Kilichouzwa kichezeke hata muuzaji akiondoka, na akiamua kuzima seva zake, aache nyuma njia ya kukitumia bila yeye. Na mwenye kitu aweze kukirithisha. Madai haya si mageni. Ndiyo yale ambayo mnunuzi wa ubao wa igisoro huyapata bila hata kuyataja.

Na sisi walimu tunayo sehemu yetu. Tangu mwaka 2017 Kiswahili ni mojawapo ya lugha rasmi za Rwanda, na hapana budi kiweze kusema mambo ya sheria na biashara kwa usahihi. Masharti ya majukwaa haya ni marefu, na vijana wetu huyakubali kwa kugusa kitufe bila kuyasoma. Tuyalete darasani. Tuwape wanafunzi ukurasa mmoja wa masharti hayo, waufasiri kwa Kiswahili, halafu tuwaulize: katika maneno yetu manne, ni lipi linalostahili hapa? Mwanafunzi atakayejibu sawasawa atakuwa amejifunza lugha, na siku atakapotakiwa kulipa, atajua analipia nini.