Kwa Mjukuu Aliyeleta Mtoto wa Mbwa Nyumbani

Mjukuu wangu,

Mama yako ameniambia kwamba hulali. Mtoto wa mbwa uliyemleta wiki iliyopita analia usiku kucha, anakojoa kila kona, ametafuna kandambili za mwenzako, na jirani wa chumba cha pili ameanza kugonga ukuta. Ameniambia pia kwamba unafikiria kumrudisha ulikomtoa. Nakuandikia kabla hujaamua. Nimefanya kazi ya mifugo hadi nikastaafu, na mbwa wengi walioletwa kwangu wakiwa wameshindikana, wakali kwa watoto wa nyumbani au waoga wa kila kishindo, hawakuzaliwa hivyo. Waliharibikiwa katika miezi minne ya mwanzo, mikononi mwa watu wema tu ambao hakuna aliyewaambia la kufanya.

Tuanze na kilio, maana ndicho kinachokukosesha usingizi. Mpaka juzi huyo mdogo alikuwa akilala amebanana na ndugu zake, wanapeana joto, mama yao pembeni. Sasa yuko peke yake juu ya sakafu ya saruji, gizani, mahali ambapo hakuna harufu hata moja anayoijua. Mnyama wa umri huo akiachwa peke yake hana uhai, na mwili wake unalijua hilo, ndiyo maana anaita. Watu watakwambia umfungie nje azoee. Atanyamaza, ni kweli, lakini atanyamaza kwa kuchoka, na hofu itabaki palepale. Tafuta boksi gumu, litandike sweta lako kuukuu ambalo hujalifua ili apate harufu yako, uliweke kando ya kitanda. Kukiwa na baridi, jaza chupa maji ya moto, uizungushie taulo asije akaungua. Akilia, shusha mkono aunuse, basi. Usiwashe taa, usimtoe mkacheze, usimkaripie. Akishazoea, sogeza boksi kidogo kidogo kila usiku mpaka lifike pale unapotaka alale siku zote. Na jirani, mwendee mchana, umweleze, umwombe uvumilivu. Mtu akiombwa radhi kwa heshima huvumilia mengi.

Ukimsikia saa nane za usiku ameamka, analia kwa namna nyingine huku akizunguka na kunusa chini, huyo ana mkojo. Mbebe mara moja umtoe nje. Hapo ndipo penye mafunzo yote ya usafi: mbwa wa miezi miwili hawezi kubana mkojo zaidi ya saa mbili tatu, na mara nyingi hata hizo hazifikishi. Akiamka, mtoe. Akila, mtoe. Akimaliza kucheza, mtoe, na kila mara iwe mahali pale pale, maana harufu ya jana humkumbusha kazi ya leo. Simama kimya umngoje. Akimaliza tu, msifu kwa sauti ya furaha au umpe kipande cha nyama hapo hapo. Ukichelewa hadi mmeingia ndani, atadhani anasifiwa kwa kuingia ndani.

Akikosea ndani, deki kwa sabuni, kisha pangusa kwa siki ili harufu iishe. Usimshike shingo ukamsugua pua kwenye mkojo wake. Nimeona watu wazima wakifanya hivyo kwa kujiamini kabisa. Kosa la dakika kumi zilizopita halimo tena kichwani mwake. Anachojifunza ni kwamba mikono yako ni ya kuogopwa, na kesho atajificha nyuma ya kabati ili akojoe usimwone. Hapo utakuwa umejiongezea kazi.

Kuhusu kuuma na kutafuna, nina swali: ulimchukua akiwa na wiki ngapi? Mtoto wa mbwa anatakiwa akae na mama yake hadi wiki nane. Wauzaji wengi wa barabarani huwatoa wakiwa na wiki nne au tano, kwa sababu akiwa mdogo anapendeza na anauzika haraka. Lakini wiki hizo ndizo anazofundishwa na ndugu zake kupima meno. Akimng'ata mwenzake kwa nguvu, yule hulia na kuacha mchezo, naye hubaki peke yake ameduwaa. Siku ya pili hung'ata taratibu zaidi. Wako akiwa alitolewa mapema, somo hilo hakulipata, na itabidi umpe wewe. Akikuuma mkicheza, acha mchezo. Nyanyuka, mpe mgongo, hesabu hadi ishirini, kisha rudi. Watoto wa hapo nyumbani waambie wasikimbie wakipiga kelele, maana kwake huo ni mwaliko wa kufukuza. Usimpige makofi ya mdomo. Mbwa anayepigwa kila anapofungua mdomo hujifunza kuuma bila kutoa onyo.

Kutafuna ni suala jingine. Ana meno 28 ya utotoni, na kuanzia mwezi wa tatu au wa nne yataanza kung'oka kupisha 42 ya ukubwani. Fizi zinamuwasha mpaka mwezi wa saba hivi. Chukua kitambaa kizito, kifunge fundo, kiloweshe, ukiweke kwenye friji kigande, umpe. Viatu weka juu. Waya wa chaji weka juu zaidi, maana huo unaweza kumuua. Mifupa iliyopikwa, hasa ya kuku, usimpe kabisa. Hupasuka vipande vyenye ncha na kutoboa utumbo.

Sasa chakula, na hapa nakusihi usikilize. Ugali mtupu hauwezi kujenga mbwa. Utamwona anashiba, tumbo limejaa, lakini miguu ya mbele inaanza kupinda na manyoya yanapoteza mng'ao. Changanya ugali na dagaa waliochemshwa bila chumvi, au utumbo, mapafu na mabaki ya nyama kutoka buchani, ukivipika kwanza. Yai mara moja moja ni jema. Mpe mara nne kwa siku akiwa na miezi miwili, mara tatu akifika minne, na maji safi yawepo wakati wote. Maziwa ya ng'ombe huwaharisha wengi wao, ingawa kila mtu atakushauri umpe. Vitunguu na chokoleti ni sumu kwake. Na unga wenye ukungu, ule mnaoona si wa kuliwa na watu, usimpikie mbwa ukidhani yeye anahimili. Sumukuvu huliharibu ini la mbwa upesi sana.

Mshike sasa hivi umwangalie. Kama mbavu zinahesabika lakini tumbo limevimba na kukaza, ana minyoo. Karibu watoto wote wa mbwa huzaliwa nayo, au huipata kwenye maziwa ya mama, na hiyo minyoo huweza kuwaingia watoto wa binadamu wanaochezea mchanga. Dawa hutolewa kila baada ya wiki mbili mpaka afike miezi mitatu, kisha kila mwezi hadi sita. Kipimo chake huendana na uzito, kwa hiyo usikate kidonge kwa kukisia. Fungua masikio na katikati ya vidole utafute kupe. Na tafadhali, dawa ya kuogeshea ng'ombe isimguse. Nimeona watoto wa mbwa wakianza kutetemeka na kutoa povu muda mfupi baada ya kuogeshwa nayo, na wengine hatukuwahi kuwaokoa.

Chanjo sina namna ya kuizungumzia kwa upole. Kuna pavo na distempa, kisha kuna kichaa cha mbwa. Pavo huanza kwa kukataa chakula na kutapika, kisha kuharisha damu yenye harufu mbaya isiyosahaulika, na mtoto wa mbwa anaweza kufa ndani ya siku mbili tatu kwa kuishiwa maji. Ukiona dalili hizo, usikae nyumbani ukimnywesha mwarobaini. Anahitaji dripu siku hiyo hiyo. Virusi vyake hukaa kwenye udongo miezi mingi, na sabuni ya kawaida haiviui. Jiki iliyochanganywa na maji ndiyo huviua. Ndiyo maana lazima uulize kama kwenye ua huo aliwahi kufa mbwa mdogo kabla yenu. Chanjo yake huanza wiki ya sita hadi ya nane, hurudiwa kila baada ya wiki tatu au nne mpaka apite wiki 16. Wengi huchoma ya kwanza wakaona wamemaliza. Hawajamaliza.

Ya kichaa cha mbwa huchomwa akifika miezi mitatu, na hurudiwa baada ya mwaka. Ugonjwa huu huua watu takriban 59,000 kila mwaka kwa makadirio yanayotumiwa na Shirika la Afya Duniani, wengi wao Afrika na Asia, na karibu wote huupata kwa mbwa. Dalili zikishajitokeza kwa binadamu, karibu hakuna anayepona. Lakini ukweli wa upande wa pili ni kwamba unazuilika kabisa. Kule Pemba waliumaliza kwa kuchanja mbwa, ukaingia tena mwaka 2016, wakachanja tena ukatoweka. Mtu yeyote aking'atwa na mbwa asiyejulikana, aoshe jeraha kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, kisha aende hospitali siku hiyo hiyo, hata kama jeraha ni dogo. Kila ifikapo tarehe 28 Septemba, Siku ya Kichaa cha Mbwa Duniani, halmashauri nyingi huandaa kampeni, na baadhi huchanja bila malipo. Uliza ofisi ya mifugo ya kata yako.

Utaniuliza: kama ni hatari kiasi hicho, si bora asitoke ndani mpaka chanjo ziishe? Hapana, na hapa ndipo wengi hupotea. Kati ya wiki ya tatu na kama ya 14, mbwa anaamua ni vitu gani duniani ni vya kawaida. Asichokiona katika kipindi hicho atakiogopa ukubwani, na woga ndio mzazi wa ukali. Udongo uwahi ungali maji. Kwa hiyo mtoe, ila ukiwa umembeba. Asikanyage mahali wanapopita mbwa usiowajua, lakini mikononi mwako aone bodaboda zikipita, wanafunzi wakitoka shule, mama aliyejitwisha ndoo, mzee mwenye mkongojo. Asikie adhana na kengele ya kanisa, jenereta, mvua ikipiga kwenye bati. Dakika chache kila siku zinatosha. Akitetemeka, sogea mbali kidogo, ungoje atulie, kisha mrudi.

Nasikia mwenzako anataka afungwe mnyororo mchana ili akikua awe mlinzi mkali. Wapo wanaoongeza na pilipili kwenye chakula, au humkata masikio kwa wembe. Mwambie kwa niaba yangu kwamba mambo hayo ni mateso matupu, na Tanzania tuna Sheria ya Ustawi wa Wanyama ya mwaka 2008 inayokataza kumtesa mnyama. Mbwa wa mnyororo hamtofautishi mwizi na mtoto wa jirani, humrukia yeyote. Mbwa anayeijua familia yake, anayelala vizuri na kula vizuri, atabweka mgeni akigusa geti, bila kufundishwa na mtu.

Mnaishi nyumba ya kupanga yenye Waislamu, kwa hiyo liangalie na hili. Mate ya mbwa ni najisi kwao, na chombo alichokiramba huwapa kazi ya kukiosha mara saba. Asifike kwenye vyombo, nguo zilizoanikwa wala mkeka wa kuswalia. Usingoje walalamike, tenga sehemu yake mwenyewe na uwaonyeshe. Utashangaa utakavyoeleweka. Dini yao hairuhusu kumdhulumu mnyama, na kila aliyepita madrasa anaijua habari ya mtu aliyeteremka kisimani kumchotea maji mbwa mwenye kiu, akasamehewa madhambi yake.

Kuhusu kuchoka kwako, usikuonee aibu. Watu wengi hujuta katika wiki za kwanza, hata wanaopenda wanyama. Gawaneni zamu, mmoja ashike usiku, mwingine alfajiri, na mchana mwombe mtu amtoe, maana kumwacha peke yake kutwa nzima akiwa na miezi miwili hakufai. Atabadilika: kufikia mwezi wa nne wengi hulala usiku kucha, na kufikia wa sita mikojo ya ndani inakuwa nadra. Lakini mbwa huishi miaka kumi, wengine hata 15. Kama maisha yenu hayana nafasi hiyo, sema sasa, umkabidhi kwa mtu unayemfahamu akiwa bado mdogo na amechanjwa. Usimwache sokoni. Usimrudishe kwa muuzaji wa barabarani.

Mimi naamini utamweza. Kesho kabla ya kazi mbebe umpeleke kwa daktari wa mifugo, apimwe uzito, apewe dawa ya minyoo na chanjo ya kwanza, ufunguliwe kadi yenye tarehe za kurudi. Kadi iweke pamoja na vyeti vyenu vya nyumbani. Ukitoka huko nipigie simu, uniambie ana kilo ngapi.

Babu yako