Deni la Aliyetapeliwa

Andiko: Nehemia 4:9-20, Walawi 5:1

Wiki hii naanza na ungamo, halafu nitauliza swali.

Mwezi wa pili mwaka huu, Jumamosi saa nne asubuhi, kijana mmoja alibisha geti la ploti yetu. Alivaa koti la kung'aa kama lile la watu wa boda boda, kitambulisho kinaning'inia shingoni, kitabu cha risiti mkononi. Akasema wenye nyumba wamekubaliana kuweka taa za usalama na mageti mawili, moja kila mwisho wa barabara, na kila nyumba inachanga shilingi 3,000. Alijua jina la mwenye ploti. Alijua hata jirani yetu aliyeporwa simu pale kwenye kona wiki iliyotangulia. Nikatuma pesa kwa simu, akaniandikia risiti, nami nikamwambia Mungu akubariki kwa kazi unayofanya.

Jumatatu nikakutana na mzee wa mtaa, nikamuuliza taa zinawekwa lini. Akaniangalia.

"Taa gani, Pasta?"

Sasa, mimi nina digrii ya biashara. Nimesoma ukaguzi wa hesabu. Vijana wa kanisa hili nimewafundisha kusimamia pesa, na wengine wenu mlikuwa darasani. Kwa hivyo nikacheka kidogo, nikasema, "Aah, nilisikia tu watu wakiongea," nikaenda zangu. Nilimwambia mke wangu peke yake. Nikajiambia zile 3,000 ni karo ya kujifunza, nimesamehe, nimemwachia Mungu. Ilisikika kama jambo la kiroho kabisa.

Wiki tatu baadaye, mama mmoja mjane ambaye hakosi maombi ya Jumatano alinisimamisha baada ya ibada. Aliniuliza swali lile lile: taa zinawekwa lini? Yeye alikuwa amelipa shilingi 6,000, nusu ya chumba chake na nusu ya kibanda chake cha mboga. Nikamuuliza kwa nini hakuuliza mtu kwanza. Akanijibu kwa upole, "Lakini Pasta, alinionyesha nakala ya risiti yako. Nikasema, kama Pasta amelipa, mimi ni nani?"

Wapendwa, pesa zangu nilimpa yule kijana siku ya Jumamosi. Lakini jina langu nilimpa siku ya Jumatatu, niliponyamaza.

Swali langu ndilo hili: je, mtu aliyetapeliwa ana deni kwa jirani yake? Kwa haraka tunasema hapana. Mwenye hatia ni mwizi. Aliyeibiwa ameumia, aachwe apumzike. Na ni kweli, Mungu hamhukumu mtu kwa kuibiwa. Lakini Walawi 5:1 inazungumza juu ya shahidi: mtu anayejua jambo, akaitwa aliseme, asiliseme. Huyo anabeba uovu wake. Nikirudi kwenye ile Jumatatu, naona nilikuwa shahidi. Mzee wa mtaa aliponiuliza "Taa gani?", niliitwa kutoa ushahidi. Kutapeliwa hakukuwa dhambi yangu. Dhambi yangu ilikuwa lile jibu.

Na msamaha je? Kusamehe ni jambo kati yangu na aliyenikosea. Kuonya ni deni kwa yule ambaye bado hajaibiwa. Zangu 3,000 naweza kumsamehe mwizi leo hii. Lakini 6,000 za mjane si zangu nizisamehe kwa niaba yake, tena kabla hazijaibiwa.

Tuitazame pia kama biashara. Tapeli naye ana gharama zake: muda, nauli, kitabu cha risiti. Gharama kubwa kuliko zote ni kumfanya mtu asiyemjua amwamini. Mimi hiyo nilimlipia. Nilikuwa tangazo lake la bure, na kila siku niliyokaa kimya lilizidi kufanya kazi.

Mwangalie Nehemia. Adui walipojipanga, watu waliomba, na wakaweka walinzi usiku na mchana. Maombi hayakumfukuza mlinzi kazi. Halafu Nehemia akaona shida nyingine: wajenzi walikuwa wametawanyika juu ya ukuta, kila mmoja mbali na mwenzake. Mtu angeweza kushambuliwa upande huu na wa upande ule asijue. Basi akamweka mpiga tarumbeta karibu naye, ili sauti ikisikika wote wakimbilie hapo. Ukuta mrefu bila tarumbeta ni watu wengi wanaovamiwa mmoja mmoja. Ndivyo tulivyo mtaani mwetu.

Mnakumbuka Nyumba Kumi ilipoletwa mwaka 2013, baada ya shambulio la Westgate. Wazo lilitoka kwa wenzetu wa Tanzania. Wengi tulisema ni serikali inatafuta wapelelezi. Katiba yetu, kifungu cha 244, inataka polisi wajenge uhusiano mwema na jamii, na hilo ni haki kulidai. Lakini polisi atajuaje jambo ambalo hata nyumba kumi hazijaambiana?

Tunanyamaza kwa sababu ya aibu, na aibu hiyo tunaitengeneza sisi wenyewe. Mtu akisema ametapeliwa, tunamuuliza, "Kwani ulikuwa umelala?" Tunamtupia methali ya tamaa mbele, mauti nyuma, hata kama alichotamani ni taa ya barabarani. Na hapa kanisani, shuhuda zetu ni za ushindi tu. Basi msikiaji naye ana deni: asicheke.

Tena, tarumbeta si mawe. Tunajua neno "mwizi!" likipigwa kelele linaweza kufanya nini katika barabara zetu. Watu wamechomwa kabla ya mtu yeyote kuuliza swali. Katiba kifungu cha 50 inasema mshtakiwa hana hatia hadi ithibitishwe. Kwa hivyo tuambiane kilichotokea: siku, mbinu, namba iliyopokea pesa. Jina na picha ya unayemshuku si vya kurusha WhatsApp. Peleka kwa polisi, wakupe namba ya OB, na kwa hiyo hupaswi kulipa chochote. Kama ulituma kwa M-Pesa, peleka ule ujumbe wa malipo kwa 456 hapo hapo. Na kabla ya kulipa mchango wowote mlangoni, mpigie simu jirani mmoja. Hata kama risiti ina jina la Pasta.

Mimi na yule mama tulienda kituoni pamoja. Jumapili iliyofuata nikasimama mbele yenu nikasema yote. Baada ya ibada, watu wanne walikuja ofisini, kila mmoja na risiti yake. Mmoja alikuwa amelipa mwezi wa kwanza, kabla yangu. Nikamuuliza kwa nini hakusema. Akainama, akasema aliogopa Pasta atamwona mjinga.

Pesa hazijarudi. Zile 6,000 za mama ninamlipa kidogo kidogo, na alipokataa nilimwambia si sadaka, ni deni. Kijana yule bado hajapatikana. Lakini wiki jana mshirika mmoja alinipigia simu saa mbili usiku: "Pasta, kuna mtu hapa mlangoni anachangisha pesa za maji. Unamjua?" Nikasema simjui, akafunga mlango.

Bwana atupe vinywa vya kusema na masikio yasiyocheka. Amina.