Kinda la Njiwa Mikononi Mwetu

Maneno ya kutafakari: 5 Mose 22:6-7, 3 Mose 12:6-8, Luka 2:22-24.



Watoto wa nyumba zetu hupenda kuokota makinda ya hua na tetere yaliyoanguka chini ya miti, wakayaleta nyumbani wapate kuyalea. Tena wako Wakristo wengi wafugao njiwa katika masanduku yaliyotundikwa chini ya upenu. Mtu aweza kusema: Hayo ni mambo ya kitoto, hayampasi mhubiri. Lakini Mungu mwenyewe hakukidharau kiota cha ndege, hata akakitaja katika Sheria yake. Basi na tukitazame, maana ndani yake mna fundisho kwa kila aliyekabidhiwa kulea.

Sheria ya Mose ilimwagiza mama aliyejifungua alete mwana-kondoo pamoja na kinda la njiwa au hua. Lakini aliyekosa mali ya kupata mwana-kondoo aliruhusiwa kuleta hua wawili, au makinda mawili ya njiwa. Luka atuambia kwamba Yosefu na Maria walitoa sadaka hiyo ya maskini. Hivyo Mwokozi wetu aliingia Hekaluni mara ya kwanza pamoja na ndege wawili wa watu wasio na kitu. Na njiwa wa namna hiyo walikuwa na walezi. Pale Maresha, mji wa kale wa nchi ya Yuda, yangali yaonekana mapango yaliyochongwa katika mwamba laini, na kuta zake zimejaa vishimo kwa maelfu, ambamo njiwa wa kufugwa walitaga na kulea tangu zamani, kabla ya Kristo kuzaliwa.

Tena katika 5 Mose 22 Mungu aliweka mpaka. Mtu akikuta kiota njiani, na mama amelala juu ya makinda au mayai, asimtwae mama pamoja na makinda. Angalieni ahadi iliyofungwa na amri hiyo: kupata mema na kuishi siku nyingi. Ndiyo ahadi ile ile waliyopewa wenye kuwaheshimu baba na mama. Mungu aliye juu sana ameiweka heshima ya mzazi wa ndege karibu na heshima ya mzazi wa mtu.

Sasa mwenye kuokota kinda afanye nini? Kwanza aulize kama kweli ni yatima. Mara nyingi baba na mama wako juu ya tawi wakimtazama. Wako wasemao kwamba ndege humkataa mtoto wake akiguswa na mkono wa mtu. Neno hilo si kweli. Basi kinda lirudishwe kiotani. Kiota kikiwa kimevunjika, kikapu kidogo kifungwe mtini mahali pale pale, nao wazazi huweza kurudi wakalisha.

Likiwa yatima kweli, litangulie kupata joto, ndipo chakula. Kinda lililopoa likilishwa, chakula hukaa katika gole, yaani ule mfuko ulio chini ya koo, kikachacha, nalo likafa. Watu wengi wenye huruma wameua kwa kuharakisha kulisha.

Tena lilishwe kwa desturi yake. Makinda ya ndege wengi hufumbua kinywa, mzazi akatia chakula. Kinda la njiwa silo hivyo: hutia mdomo wake katika kinywa cha mzazi, likapokea kitokacho goleni mwake. Siku za kwanza hupokea maziwa ya njiwa, mazito kama jibini laini, nayo baba huyatoa sawasawa na mama. Baadaye huchanganywa na mbegu zilizolainika. Maziwa ya ng'ombe hayalifai, maana tumbo lake haliwezi kuyasaga. Kwa hiyo kinda lililotoka yaini jana ni shida sana kuponywa na mkono wa mtu. Lile lililokwisha kuota manyoya, mlezi aloweshe chakula cha vifaranga wa kuku katika maji ya uvuguvugu hata kiwe uji laini, akitie katika kikombe, akifunike kwa kitambaa chenye tundu dogo. Kinda litatia mdomo tunduni likale, naye aangalie pua zisizame. Kabla ya kulisha tena aliguse gole. Likiwa limejaa, angoje. Haba na haba hujaza kibaba.

Mwisho wake ni kuliacha. Lifikapo wiki ya 3 au ya 4 lianze kudonoa uwele na mtama, na likiisha kuruka vema, litolewe pole pole penye hua wengine. Kinda lililolelewa peke yake kati ya watu huwa halimjui hua mwenzake, wala halimwogopi paka. Aliyelizuia kwa kulipenda amelipoteza.

Ndugu, wahenga walisema: Kuzaa si kazi, kazi ni kulea. Katika sharika zetu wamo watoto waliofiwa na baba. Ndugu wa marehemu huja upesi, mmoja akamchukua huyu, mwingine yule, nao husema: Twasaidia. Je, tumeuliza kama mama yupo? Mjane yule ana mikono, ana shamba, ana upendo. Alichopungukiwa ni jembe, mbegu na karo ya shule. Yatupasa kumtengenezea kiota chake, tusiyatawanye makinda yake.

Na yatima asiye na mtu, aliyeletwa nyumbani mwetu, alipokewaje? Wengine humpa ndoo ya maji na kuni kabla hajapata joto la kuitwa mwanangu. Wengine humkalisha miaka mingi pasipo shule, kwa sababu kazi zake zawafaa. Huko si kulea, ni kumfunga ndege mguu. Na wanaume wasiseme kwamba malezi ni kazi ya wanawake, kwa maana hata njiwa dume humlisha mtoto wake kwa kitu kitokacho mwilini mwake.

Nanyi walimu wa katekisimo, mwakabidhiwa wachanga wa imani. Paulo aliwapa Wakorinto maziwa kwanza, kwani hawakuweza chakula kigumu. Mwanafunzi aliyeingia darasani na moyo baridi, apate upendo kabla ya kukaririshwa sura nzima. Mjaribuni kama amelishika neno la jana, ndipo mmpe la leo. Wala msimfundishe awe mtu wenu. Afundishwe kusoma na kuomba mwenyewe, asimame katika usharika pamoja na wenzake, hata siku msipokuwapo.

Yeye aliyebebwa Hekaluni pamoja na sadaka ya maskini awajua wadogo wote walio mikononi mwetu. Siku moja atatuuliza habari zao, kila mmoja kwa jina lake. Na atupe mikono yenye joto, na moyo wa kuachilia kwa wakati wake. Amina.