Mwenye Magamba Ana Kosa Gani?

Yumkini umemkuta kijana wako mbele ya kompyuta akiwaua watu wenye vichwa vya mijusi. Ukimwuliza wamemkosea nini, atakwambia, "Hao ni wabaya tu." Jawabu hili usilipuuze.

Michezo ya namna hii imerithi mengi kwa Dungeons & Dragons, mchezo wa dadu na masimulizi waliouchapisha Gary Gygax na Dave Arneson huko Marekani mwaka 1974. Kitabu chake cha viumbe cha mwaka 1977 kiliandikia kila jinsi ya kiumbe tabia yake. Watu-mijusi hawakuhesabiwa wema wala waovu. Lakini kobold, viumbe wadogo wenye magamba, waliandikwa waovu wote. Basi kobold aliye bado ndani ya yai ana kosa gani?

Utasema huu ni mchezo, hapana damu inayomwagika. Kweli, nami sikatazi mchezo. Ninaloliogopa ni lile neno moja la hukumu, kwani aliyezoea kulisoma haoni tena haja ya kuuliza.

Wenye mchezo nao waligeuka: mwaka 2008 kitabu cha wachezaji kilimruhusu mchezaji awe yeye mwenyewe mtu wa jinsi ya joka. Na katika Morrowind, mchezo wa kompyuta wa mwaka 2002, wenye magamba waitwao Argonian wamo utumwani. Ukiupata ufunguo waweza kumfungua mmoja wao, au ukampita ukaenda zako. Mwulize kijana wako, yeye hufanyaje?