Je, Kuvumilia Mvua ni Fadhila Siku Zote?

Huku kwetu Bukavu mvua huanza Septemba, wala haituachi mpaka Mei. Atakaye kufanya sikukuu ya nyimbo uwanjani katika miezi hiyo, na ajue kwamba huenda atalowa. Wenzetu wa Unguja huifanya Sauti za Busara, iliyoanza mwaka 2004, katika Februari, kabla ya masika. Sisi wa Kivu, Februari haituahidi kitu. Hata hivyo watu wa Goma walifanya Tamasha la Amani mara ya kwanza Februari 2014, baada ya vita kuliahirisha mwaka 2013. Waliongoja bunduki zinyamaze, watatishwaje na wingu? Furaha ya watu walioteswa si upuuzi.

Lakini twauliza: je, kuendelea kuimba mvuani ni ushujaa siku zote?

Siku moja kwaya za mashirika yetu zilikusanyika uwanjani, hapa Cimpunda. Saa tisa mvua kubwa ikashuka. Wageni wa heshima walikaa chini ya turubai. Watoto walisimama nje wakitetemeka. Mzee mmoja akasema, «Tuendelee, Mungu aona mioyo yetu.» Tukashangilia. Mama mmoja, mwimbaji hodari, akaondoka mbio katikati ya wimbo. Wengine walimcheka, nasi tulimhukumu moyoni kwamba imani yake ni haba. Jioni tukapata habari: nyumba yake ya mbao iko mtelemkoni, na watoto wake watatu walikuwa ndani peke yao. Alikuta matope yamefika kitandani, akawatoa salama.

Mtakatifu Tomaso wa Akwino afundisha kwamba busara huziongoza fadhila nyingine za maadili. Basi nguvu ya moyo isiyo na busara ni ukaidi tu. Kwanza tuulize: nani anaumia? Aliye chini ya turubai husema upesi «tuvumilie», maana avumiliaye ni mwingine. Pili: je, aliyebaki amebaki kwa hiari? Mtu mzima akipenda kulowa, ni haki yake. Lakini mtoto amwogopaye kiongozi, au mama aogopaye kuchekwa, hakuchagua.

Wengine watasema, «Tukivunja sikukuu kwa kila wingu, hatutaimba kamwe.» Ni kweli, hatusemi tukimbie manyunyu. Twasema viongozi watengeneze mambo mapema: watoto wapate paa kwanza, umeme wa vipaza sauti uzimwe radi ikianza, mwenye nyumba mtelemkoni aende zake bila aibu. Naye atakayeamuru kuendelea, atoke yeye kwanza chini ya turubai.

Tulikwenda kumwomba mama yule msamaha. Alitupokea vema, akatuuliza kama wimbo ule ulimalizika vizuri. Tukaona haya. Mungu atujalie moyo hodari, pamoja na macho ya kumwona jirani.