Mwari Wangu, Usiichome Ngozi Yako kwa Ajili ya Harusi

Mwanangu, nimeambiwa kwamba kabla hujaletwa kwangu umeshaweka miadi saluni, si ya hina wala ya nywele, ila ya kubanduliwa ngozi ya kinena na mapaja kwa asidi ili weusi wa huko uondoke kabla ya harusi. Nasikia wana huduma kamili ya bibi harusi: singo, mvuke, kucha, na hiyo asidi inaongezwa mwishoni kama bahashishi. Sikukatazi kupendeza, somo anayemkataza mwari wake kupendeza hajui kazi. Ila kaa kitako unisikilize. Haya ni mambo tunayoyanong'ona, na kwa sababu tunayanong'ona, mwenye kopo lisilo na lebo ndiye anayepata wa kumsikiliza.

Weusi ule uliupata ulipovunja ungo. Homoni zilizokuotesha matiti na nywele ndizo zilizoamsha chembe zinazotengeneza rangi ya ngozi, na chembe za sehemu hizo huziitikia homoni kuliko chembe za mkononi. Ndiyo maana chuchu, mashavu ya uke na pembezoni mwa njia ya haja kubwa vina rangi nzito kuliko tumbo, kwa Mwafrika, kwa Mwarabu, kwa Mhindi na kwa Mzungu. Ukishika mimba patazidi kukoza, na mstari mweusi utashuka chini ya kitovu. Hilo si uchafu, na wala si dalili ya mwanamke aliyetumika sana, ingawa nayajua maneno ya vijiweni. Mume atakayeshangaa rangi hiyo ni mume asiyefundwa, na huyo ana wajomba wa kumfunda.

Upo weusi mwingine unaoongezeka juu ya huo, na huu una sababu zinazoweza kuondolewa. Mapaja yanasuguana ukitembea juani. Jinzi inabana, chupi ya nailoni ina lastiki inayokata kinena. Sabuni ya manukato, poda, pedi yenye harufu, vyote huwasha, na ngozi yetu ikiwashwa hujibu kwa kutoa rangi. Wembe ndio mkosaji mkubwa. Sunna imetuambia nywele zile zisipite siku 40. Haikusema ujikwangue kila wiki kwa wembe mkavu, tena ule ulioazimana na dada yako. Vipele vinatoka, nywele zinajikunja na kuota kwa ndani, na kila kipele kikipona kinaacha doa. Hata sisi wazee tuna letu la kujibu hapa: ndimu ya kusugulia kwapa na kinena tuliyorithi kwa bibi zetu ni asidi pia, na imeunguza wengi.

Sasa sikiliza hili kwa makini kuliko yote. Pindisha shingo ujitazame kwenye kioo, kisha tazama kwapa na kinena. Ukiona weusi mnene, ngozi imekuwa nzito na laini inayofanana na mahameli, usimfuate mtu wa saluni, nenda ukapime sukari. Ngozi ya namna hiyo mara nyingi hutokea kwa mtu ambaye mwili wake umeanza kuikataa insulini, na kisukari kinaweza kuwa njiani. Kama na hedhi inarukaruka na ndevu zinachomoza kidevuni, mwambie daktari hayo yote kwa pamoja, maana yanaweza kuwa na shina moja kwenye homoni za ovari. Asidi hapo itabandua onyo na kuacha ugonjwa. Vilevile, doa lenye mpaka, linalowasha na kutoa magamba, huenda ni fangasi, nalo lina dawa yake ya bei ndogo.

Hiyo asidi yenyewe inafanya nini? Inalegeza kinachozishikanisha chembe za tabaka la juu la ngozi, kisha kwa siku kadhaa tabaka hilo linapukutika na jipya linatokea. Zipo za aina nyingi: ya laktiki, ya salisiliki, ya glaikoli, na ile kali ya TCA. Mikononi mwa anayejua, kwa nguvu ndogo na kwa awamu zilizoachana wiki kadhaa, zinaweza kupunguza madoa ya vipele kwenye mapaja na kinena. Sitakudanganya kwamba hazifanyi kazi. Ila glaikoli lazima izimwe kwa wakati wake. Binti anayekupaka akichukua simu kuongea na shoga yake, wewe unaungua. Wataalamu wa vipodozi wa Marekani waliona asidi hiyo katika bidhaa ya nyumbani isizidi asilimia 10, na ya saluni isizidi 30. Muulize huyo wa kwako kopo lake ni asilimia ngapi, umtazame usoni anapojibu.

Na kwetu sisi weusi kuna mtego wake. Asidi ikizidi, ngozi inavimba kwa ndani, na ngozi yetu iliyoungua hurudi na weusi mkubwa kuliko ule ulioukimbia. Hata ikienda vizuri, ukirudia jinzi ileile na wembe uleule, weusi unarudi. Na rangi ile uliyoipata ulipovunja ungo haiishi kwa kubanduliwa. Homoni bado zipo, zitaitengeneza upya. Sehemu ya ndani ya uke na utando wake laini ndiyo isiguswe na asidi kabisa, hata akija nani.

Baya zaidi, hujui kama ni asidi kweli. Mengi yanayouzwa kwa jina hilo ni mkorogo: haidrokwinoni, steroidi kali, pengine na zebaki. Mwaka 1975 daktari Findlay na wenzake wa Afrika Kusini walieleza yaliyowakuta wanawake waliopaka haidrokwinoni muda mrefu: ngozi iliyotakiwa iwe nyeupe ikageuka kuwa na madoa mazito ya rangi ya buluu na nyeusi, magumu mno kutoka. Nchi ile ilipiga marufuku dawa hiyo kwenye vipodozi mwaka 1990, na hapa kwetu Tanzania nayo hairuhusiwi kwenye vipodozi. Steroidi hufanya ngozi ya mapaja iwe nyembamba na kuacha michirizi isiyofutika. Zebaki huingia mwilini, huharibu figo, na ukiwa mjamzito humfikia mtoto.

Ngozi ya huko inanywa dawa kuliko ya mkononi. Feldmann na Maibach, watafiti wa Marekani, walipima mwaka 1967 wakakuta ngozi ya korodani inapitisha dawa ya haidrokotizoni mara 42 zaidi ya ngozi ya ndani ya mkono. Mwambie na mchumba wako, maana nasikia siku hizi na wao wanapakwa.

Kwa hiyo fanya hivi. Vaa chupi ya pamba isiyobana. Mapaja yapake vaselini kabla ya kutembea. Nywele zipunguze kwa mkasi au mashine, na ukitaka wembe, uwe mpya, ngozi iwe imeloa, na ukate kuelekea zinakolala. Nje osha kwa maji na sabuni isiyo na harufu, ndani usioshe kwa chochote. Vipele vikikoma, madoa hufifia yenyewe, lakini yanataka miezi, si wiki mbili za kabla ya harusi.

Ukimaliza hayo na bado unataka kubanduliwa, nenda kwa daktari wa ngozi. Wapo Muhimbili, na pale KCMC Moshi kuna kituo kinachofundisha waganga wa ngozi wa kanda yetu tangu 1992. Atajaribu kwanza sehemu ndogo na kungoja kabla ya kupaka pengine. Mwambie kama una mimba, kama hutokwa na malengelenge sehemu za siri, na lini ulinyoa mara ya mwisho. Asikufanyie wiki ya harusi hata ukimlilia.

Na kama umeshapakwa na panachoma kupita kiasi, usione haya na usingoje mwenye saluni akutulize kwa maneno. Osha kwa maji mengi ya baridi, usipake dawa ya meno wala asali, nenda hospitali siku hiyohiyo, na kopo walilokupaka ulibebe ili daktari alisome.