Ahadi ya Ndoa na Gharama ya Ugonjwa

Siku ya ndoa bwana na bibi huahidiana mbele ya Padri na mashahidi kwamba watashikamana katika afya na katika ugonjwa. Neno hilo hutamkwa upesi, kwa maana siku ile wote wawili wana nguvu, na ngoma zinangoja nje. Karl Deter, karani wa reli mjini Frankfurt katika nchi ya Ujerumani, alidaiwa neno hilo baada ya miaka 28.

Alimwoa Auguste mwaka 1873, wakapata binti mmoja. Mwaka 1901 mkewe alianza kumwonea wivu bila sababu, kisha akasahau mambo, akaharibu mapishi, akaficha vitu, akatangatanga nyumbani bila kutulia. Mwezi wa Novemba mumewe alimpeleka katika nyumba ya wagonjwa wa akili. Alikuwa na umri wa miaka 51 tu. Mganga Alois Alzheimer alimwuliza jina lake, akajibu: Auguste. Akamwuliza jina la ukoo, akajibu tena: Auguste. Alikuwa akila nyama ya nguruwe, naye alipoulizwa anakula nini, alisema ni mboga za majani.

Je, alirogwa? Hapana. Alipokwisha kufa, mganga yule aliuchunguza ubongo wake akaona jinsi ulivyoharibika, na tangu mwaka 1910 ugonjwa huo unaitwa kwa jina la Alzheimer. Hata leo hakuna dawa ya kuuponya. Basi mzee anayesahau majina ya watoto wake asiitwe mchawi, wala asihesabiwe kuwa amerogwa.

Lakini habari ya fedha ndiyo iliyomlemea Karl. Nyumba ile ilitaka malipo, na mshahara wa karani si mkubwa. Akaomba mara kadhaa mkewe ahamishiwe mahali pa bei ndogo. Alzheimer, ingawa alikuwa amekwenda kufanya kazi mji mwingine, alimwombea abaki palepale, wakapatana kwamba akifa mganga apewe maandishi ya ugonjwa wake na ubongo wake.

Wengine watasema mume huyu hakumpenda mkewe, kwa kuwa alitafuta bei nafuu. Hukumu hiyo si ya haki. Mwenye kuuliza bei ni mwenye nia ya kulipa. Kumbukeni Msamaria mwema: hakukaa kando ya mgonjwa siku zote, maana alikuwa na safari yake. Alimkabidhi kwa mwenye nyumba ya wageni, akatoa denari mbili, akaahidi kulipa yatakayozidi akirudi. Yezu hakuona haya kutaja kiasi cha fedha. Aliyemtupa mkewe ni yule anayemrudisha kwa kaka zake kwa sababu amesahau kupika, kisha anadai mali ya ndoa irudishwe, na kabla ya mavuno ameleta bibi mwingine nyumbani.

Hata hivyo mzigo huu haufai kuachiwa mtu mmoja. Katika nchi ileile ya Karl, tangu mwaka 1995 wafanyakazi hukatwa sehemu ya mshahara ili kusaidia watu wanaohitaji kutunzwa kwa muda mrefu. Msaada huo haumalizi gharama yote, na jamaa bado huongeza za kwao. Kijijini hakuna mfuko wa namna hiyo, na gharama yenyewe haihesabiwi kwa noti. Mume akishinda nyumbani kumlinda mgonjwa, shamba linaota majani, watoto wanalala njaa. Akienda shambani, mgonjwa anapotea njia ya mtoni. Ndugu wa ukoo, na majirani waliobatizwa pamoja naye, wakishika zamu, huyu asubuhi ya leo na yule asubuhi ya kesho, mume huyo ataweza kulima na kurudi.

Auguste alikufa tarehe 8 Aprili 1906 katika nyumba ileile ya Frankfurt, akiwa bado mke wa Karl.